Mashahidi Wawili Katika Gari Moja

Kila majira ya baridi, Bunge la jimbo la Nebraska, Marekani, linapokaa mjini Lincoln, Verlyn Sobotka na mkewe Marjean walikuwa na shughuli moja baada ya kulisha ng'ombe: kukaa mbele ya televisheni na kutazama kamati za bunge zikisikiliza wananchi. Wenzao walitazama mpira, wao walitazama miswada. Mswada wa maji ya visima, mswada wa bunduki, mswada wa kufunga shule ndogo za mashambani, yote waliifuata tangu inaposomwa mpaka ipite au ifie kamatini. Marjean aliwapachika maseneta majina ya utani. Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, Seneta Pruitt, alikuwa Mama Kuku, kwa jinsi alivyowapekuapekua mashahidi kama anayetafuta punje. Seneta Oakes, aliyesema kwa upole huku akichoma, alikuwa Sindano. Mume na mke walibishana hadi kahawa ikapoa vikombeni.

Marjean alifariki wakati wa kuvuna mahindi, kwa saratani ya kongosho. Januari ilipoingia, Verlyn aliwasha televisheni vilevile. Nyumba ilikuwa imezidi ukimya, na wale maseneta walikuwa wamekuwa kama binamu zake.

Mwaka huo ukaletwa mswada uliolichana jimbo pande mbili. Ulitaka mgonjwa asiye na tumaini la kupona aruhusiwe kumwomba daktari dawa ya kuumaliza uhai wake. Makanisa yalichachamaa, magazeti yakafurika, majirani waliochunga pamoja miaka na miaka wakaanza kupitana pasipo salamu. Verlyn hakuhitaji kushawishiwa. Kwake yeye, uhai ulikuja kwa amri ya Mungu na uliondoka kwa amri hiyohiyo. Mwanasheria Tiemeyer, aliyekuwa akitafuta mashahidi kanisani, alipomuuliza kama atakwenda Lincoln kuupinga, alijibu, "Nitakwenda."

Siku chache baadaye simu ikalia. Alikuwa Janelle, bintiye wa pekee, muuguzi huko Broken Bow. Tangu mazishi walikuwa wakiongea habari za theluji na bei ya ndama, basi.

"Baba, nasikia unakwenda Lincoln."

"Naenda."

"Kupinga."

"Kupinga."

"Na mimi naenda. Kuunga mkono."

Verlyn aliisikia saa ya ukutani jikoni kwa bintiye.

"Haya," Janelle akasema. "Barabara ni barafu tupu na macho yako si ya kuendesha. Nitakuja kukuchukua."

"Utarudi nyuma mwendo wa saa mbili kuja kumbeba adui?"

"Nitakuja kumbeba baba yangu. Vaa soksi za sufu."

Alikuja alfajiri, akampigia honi. Walisafiri mashamba meupe yakipita dirishani, ng'ombe wamesimama wameupa upepo mgongo. Janelle alikuwa na mikono ya mama yake, mipana, yenye kucha fupi, na Verlyn alijitahidi asiitazame ikizungusha usukani. Walisimama njiani wakanunua runza mbili, mikate ya moto iliyojazwa nyama na kabichi.

"Wewe unakula kama mtu atakayenyongwa," Janelle alimwambia.

"Na wewe unaendesha kama mnyongaji anayechelewa kazini."

Akacheka kidogo, kisha akajizuia, kama aliyekumbuka kwamba hawajapatana.

Chumba cha kamati kilikuwa kimejaa pomoni, watu wamesimama hadi kwenye korido. Verlyn aliwatambua maseneta wote, ila alishangaa kumwona Mama Kuku ni mfupi hivyo, na Sindano ana mafua. Alitaka kumgeukia mtu amwambie. Upande wake wa kushoto aliketi mama asiyemjua, na upande wa kulia Tiemeyer, akikunja na kukunjua miwani.

Utaratibu aliujua kama sala. Waungaji mkono hutangulia, wapingaji hufuata. Kila shahidi hupewa dakika tatu, na taa ndogo mezani humwonya: kijani, njano, nyekundu.

Janelle alipoitwa, alitaja jina lake na kulitaja herufi kwa herufi, kama wanavyotakiwa mashahidi. Akasimulia juu ya mama yake. Hakulia. Alieleza maumivu yalivyokuwa yakiipita dawa, na jinsi mtu aliyewahi kumzalisha ng'ombe kwa mikono yake mwenyewe katikati ya dhoruba alivyofika mahali asiweze kushika kijiko. "Asubuhi moja kule nyumbani nikibadilisha shuka zake," alisema, "mama alinishika kiganja akaniambia, 'Janelle, nipe kitu nilale, nisiamke tena.' Mimi ni muuguzi. Nilikuwa na funguo za kabati la dawa. Sikumpa, kwa sababu sheria hairuhusu. Naomba sheria imsikie mtu kama yeye."

Taa ikawa nyekundu. Seneta Oakes akapenga kamasi, akainama kwenye kipaza sauti.

"Pole sana, Bi Sobotka. Ila naona katika orodha ya wapingaji kuna Verlyn Sobotka. Ni ndugu yako?"

"Ni baba yangu."

"Aliishi nyumba moja na marehemu. Naye anaupinga mswada huu. Je, kuna mtu mwingine yeyote aliyeyasikia maneno hayo ya mama yako?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nilisikia mimi tu."

"Ahsante. Sina swali lingine."

Mnong'ono ukatambaa chumbani. Tiemeyer akamgusa Verlyn goti. "Umeona?" alinong'ona. "Ukikaa pale, sema tu kwamba hukuwahi kumsikia mkeo akisema hivyo. Neno moja hilo linatosha. Mswada umekwisha."

Verlyn alikuwa akimtazama bintiye akirudi kitini, uso umemwiva, na watu wakiikunja miguu yao asije akawagusa.

Maana alisikia. Asubuhi ile alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya dirisha, kichwa kimeinama, nao walidhani amesinzia. Aliyasikia maneno yote, akakiona na kile kiganja kikishikwa. Akainuka taratibu, akachukua kofia, akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe ambao hawakuwa na haja ya kutazamwa. Hakuwahi kumwambia mtu.

Alipoitwa, alikwenda mezani. Akaketi. Taa ikawaka kijani.

"Jina langu ni Verlyn Sobotka." Akalitaja herufi kwa herufi. "Nimekuja kuupinga mswada huu. Lakini kwanza nimjibu Seneta Oakes. Uliuliza kama kuna mwingine aliyesikia. Mimi nilisikia. Nilikuwemo chumbani. Marjean alisema vile vile kama binti yangu alivyowaambieni, neno kwa neno. Binti yangu hasemi uongo. Hakuwahi hata utotoni, na ilimponza mara nyingi."

Kuna waliocheka. Tiemeyer aliinamisha kichwa.

"Sasa nieleze kwa nini bado napinga. Siku hiyohiyo jioni, Marjean alifumbua macho akaniomba pichi. Zile za kopo. Alikuwa hajala siku nyingi. Nikamlisha vipande viwili, juisi ikamchuruzika kidevuni, akacheka, akaniambia nimezeeka vibaya. Hatukupata tena jioni kama ile. Nimekaa majira yote ya baridi najiuliza: Marjean wangu wa kweli alikuwa yupi, yule aliyeomba asubuhi au yule aliyecheka jioni? Sijui. Niliishi naye maisha yangu yote na sijui. Ninyi hamkumjua kabisa. Ndiyo maana naiogopa sheria yenu."

Taa ilikuwa njano. Alikuwa na la kuongeza, kuhusu Mungu, alilolifanyia mazoezi zizini. Lilimtoka kichwani.

"Lakini yule wa asubuhi naye alikuwa mke wangu," alisema. "Nami nilimkimbia. Binti yangu hakumkimbia. Hayo tu."

Taa ilipogeuka nyekundu, Seneta Pruitt alisema, "Ahsante, Bwana Sobotka," kwa sauti ambayo Verlyn hakuwahi kuisikia kwenye televisheni.

Tiemeyer hakumpa mkono wa kwaheri. Nje, ngazi za jengo zilikuwa zimemwagiwa chumvi na upepo ulikata kama wembe. Janelle alikuwa akimsubiri kando ya nguzo, skafu imempanda hadi puani.

"Ulisikia," alisema.

"Nilisikia."

"Muda wote huu nimedhani nilibeba lile neno peke yangu, Baba. Nilikuwa nakuchukia kwa kulala."

"Sikulala."

"Kwa nini hukuniambia?"

Verlyn alitazama viatu vyake. "Ningekuambia nini? Kwamba baba yako alimwacha mama yako akaenda kuhesabu mikia?"

Janelle akamkumbatia, pale pale, watu wa pande zote mbili wakipita na mabango yao. Verlyn hakuwa mtu wa kukumbatiana hadharani. Aliacha mikono ining'inie kwanza, halafu akaiweka mgongoni kwa bintiye na kuupapasa, kama apapasavyo mnyama aliyeshtuka.

"Hizo pichi," Janelle alisema kwenye koti lake. "Nilikuwa zamu jioni ile. Sikujua kama alikula."

"Vipande viwili."

"Nihadithie."

Akamhadithia njiani. Alivyolisaka lile kopo nyuma ya unga, alivyokosa kifungulio akatumia kisu cha mfukoni, na Marjean alivyomwambia kwamba mwanamume asiyejua kopo linafunguliwaje asiruhusiwe kupiga kura. Janelle alicheka mpaka akasimamisha gari kando ya barabara, kisha kicheko kikageuka, na Verlyn akamwacha alie, akimshikia glavu zake.

Mwezi Machi kamati ilipiga kura, na mswada haukutoka kamatini. Upande wa Verlyn ulishinda. Watu wa kanisani walimpigia simu kumpongeza, isipokuwa Tiemeyer. Aliwashukuru, akavaa koti, akapakia sufuria ya supu ya kuku na tambi aliyoipika mwenyewe, chumvi imezidi, akaendesha polepole hadi Broken Bow bila kumuuliza mtu kuhusu macho yake.

Janelle alifungua mlango akiwa na sare za kazi, macho mekundu.

"Sikuja kushangilia," Verlyn alisema.

"Najua."

"Wanaweza kuuleta tena mwakani."

"Wataurudisha. Nami nitakwenda."

"Basi nami nitakwenda kuupinga."

"Najua, Baba." Akaipokea sufuria, akafunua kifuniko, akanusa. "Ingia ndani, unaniingizia baridi. Na funguo za gari nipe mimi. Usiku huu unalala hapa."