Mistari Minne ya Vitwitwi

Ufuko ulio nyuma ya stendi ya mabasi hauna sifa yoyote. Kuna ukuta wa zege, kuna chupa tupu, na kuna bomba la kiwanda linalomwaga maji ya kijivu kutwa kucha. Lakini vitwitwi, wale ndege wa miguu myembamba wasiojua kutembea bila kukimbia, wanaupenda, na Mama Hati anawapenda vitwitwi. Kila asubuhi, maji yakipwa, huketi ukutani na chupa ya chai na darubini. Miaka thelathini na moja alikuwa mwandishi wa hatimkato mahakamani, akinasa maneno ya watu kwa mikato na nukta. Alipostaafu walimpa darubini hiyo, labda saa za ukutani zilikuwa zimekwisha dukani.

Jumanne moja vitwitwi walipita, wakaacha nyayo kwenye mchanga, na Mama Hati akazisoma. Hakuona ajabu. Ilikuwa hatimkato safi, tena ya mkono wake mwenyewe, na ile tabia yake ya kuinamisha mstari kushoto. Kilichomkera ni kwamba walianzia katikati.

“Nikamwambia msimamizi, mume wangu bado yumo ndani ya bomba. Usifungue maji. Akasema saa ya kazi imefika. Akafungua huku ananitazama.”

Mistari minne. Aliijua. Miaka kumi na tisa iliyopita, mjane wa fundi bomba wa kiwanda kile aliyasema hayo mbele ya mahakama, na hakimu, bila hata kuinua uso, akasema, “Hilo usiandike.” Mama Hati akainua kalamu, asiandike. Kesi ikaanguka kwa kukosa ushahidi. Aliona aibu siku ile, na aibu ile haikustaafu naye.

Kesho yake ndege waliandika yaleyale. Keshokutwa pia. Siku ya nne aliyanakili, akayapiga taipu, akavaa viatu vyake vya kazi na kwenda masjala ya mahakama.

Karani alisoma, akageuza karatasi kuangalia nyuma.

“Walioandika ni vitwitwi au ndege sululu?”

“Vitwitwi.”

Akajaza kwenye fomu, kisha akasita. “Wameapishwa?”

“Hawajaapishwa.”

“Basi haiwezekani, Mama. Halafu faili lilishafungwa. Mavi ya kale hayanuki.”

“Kwako hayanuki, mwanangu. Wewe hukai upande wa bomba.”

Karani akagonga muhuri wa kukataa, akamrudishia karatasi kwa mikono miwili, maana alilelewa vizuri.

Lakini kazi ya hatimkato ina kanuni yake: shahidi husomewa maneno yake, akiyakubali ndipo anaweka sahihi. Mjane yule, ambaye wote humwita Mama Pacha, hakujua kusoma. Aliweka dole gumba kwenye karatasi isiyo na ile mistari minne. Tangu hapo shemeji zake walimsema kwamba siku ya siku ulimi ulimwingia ndani, akamwacha ndugu yao afe bure.

Mama Hati alimkuta hospitalini anakofanya kazi, kwenye chumba cha kufulia.

“Mama Pacha, mimi ndiye niliyekuwa naandika. Ulisema yote. Mimi sikuandika. Nisamehe.”

Mjane aliendelea kukamua shuka mpaka likaisha maji.

“Nilishaanza kuamini sikusema,” alisema.

“Ulisema. Njoo nikusomee.”

Asubuhi iliyofuata vitwitwi waliandika, na Mama Hati akasoma akiwa amesimama, kama kanuni inavyotaka.

“Ndiyo maneno yako?”

“Bado moja. Nilimshika mkono asifungue.”

Kitwitwi mmoja, aliyekwisha kufika mbali, alirudi mbio akaliingiza hilo mahali pake.

“Sasa ni yangu,” alisema Mama Pacha. Akashuka ukutani, akapiga magoti, akabonyeza dole gumba mchangani. Alilia kidogo, akajipangusa kwa upindo wa kanga.

Maji yalijaa yakafunika kila kitu. Bomba liliendelea kumwaga. Msimamizi yule siku hizi ni meneja, na dirisha la ofisi yake linatazama ufuko huohuo. Maji yalipopwa, maandishi yalikuwa yamefutika, ila alama ya dole gumba ilikuwa palepale, na kila mstari wake.

Jumapili alikuja shemeji mkubwa, viatu mkononi. Alitazama alama ile kwa muda mrefu, kisha akaketi ukutani kando ya mjane, karibu kuliko alivyowahi kuketi kwa miaka kumi na tisa.

“Shemeji,” alisema, “nimekuja kusikiliza.”

Mama Pacha akamsogezea chai. Vitwitwi wakaja mbio, wakaizunguka alama ya dole bila kuikanyaga, na safari hii wakaanzia mwanzo kabisa, kwenye jina la shahidi. Mama Hati akasimama, akasafisha koo, akaanza kusoma.