Sufuria Iliyonyooshwa

Tangu asubuhi Mama Dobi alikuwa ameinamia karai, akifikicha mashuka ya nyumba ya wageni kwa maji baridi, na madoa yamegoma kutoka. Madoa ya namna ile dawa yake ni kuchemshwa. Lakini sufuria yake kubwa ya kuchemshia nguo iliazimwa na serikali mpya kwa maonyesho ya mapinduzi. Waliahidi wiki moja. Sasa mwezi unakatika, na mwenye nyumba ya wageni keshasema atatafuta dobi mwingine.

Sufuria ile ndiyo iliyoyaanzisha mapinduzi hayo. Siku mkate ulipopanda bei tena, bintiye aliitoa uani akaigonga kwa jiwe mpaka mtaa mzima ukatoka na vyombo vyake, na mji ukafuata. Rais alikimbia. Binti hakurudi. Ilibaki mibonyeo ya jiwe lake ubavuni mwa sufuria, na kila aliposugua masizi, mama alipitisha vidole humo polepole.

Alijifuta mikono, akaenda kwenye ukumbi wa maonyesho.

"Shikamoo, mama," mlinzi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata sufuria yangu."

Ndani, msimamizi wa maonyesho, bwana mwenye tai, alimpokea kwa bashasha. Sufuria ilikuwa juu ya kitambaa chekundu, inang'aa kama imetoka dukani leo. Mama Dobi alipeleka vidole ubavuni. Laini.

"Ilikuwa imebonyeabonyea vibaya," alisema msimamizi. "Tukampa fundi, akainyoosha. Mheshimiwa anakuja kufungua maonyesho, tusingemwonyesha kitu kibovu."

"Mmemfuta mwanangu."

"Pole, mama. Lakini hii sasa ni mali ya taifa."

"Na mashuka ya watu nichemshie wapi? Kwenye taifa?"

Bwana yule alikohoa, akatazama saa. Mama Dobi aligeuka. Mlangoni palikuwa na jiwe la kuzuia mlango usijifunge. Aliliokota, akarudi, akaipiga sufuria ubavuni, palepale. Ukumbi ukalia. Akapiga tena, machozi yakimtiririka.

"Mlinzi! Mtoe huyu!"

Mlinzi alikuja mbio, akaushika mkono wenye jiwe. Mlio ule aliujua. Siku ile alikuwa nyuma ya binti, akigonga kifuniko.

"Nisamehe, mama," alinong'ona. "Nina watoto."

"Mimi nilikuwa na mmoja."

Alimwachia jiwe mkononi, akarudi kwenye maji yake baridi.