Tulia, Baba

Wenzake walimwita Bi Taratibu, na jina lilimkaa sawasawa. Katika kituo kile cha kulelea watoto, chenye vyumba vitatu na kiwanja cha mchanga nyuma, walikuwepo walezi wa kila namna. Yupo aliyegonga meza, yupo aliyetishia kuita polisi, na yupo mmoja ambaye mtoto akilia naye hulia, mpaka hujui umbembeleze nani. Bi Taratibu hakuwa na mambo hayo. Mtoto akichachamaa, alipiga magoti mpaka macho yao yakawa sawa, akamshika mkono, akashusha sauti pale ambapo wengine wangeipandisha. "Tulia, baba," alisema. Akiwa wa kike, "Tulia, mama." Na mtoto alitulia. Mkuu wa kituo alikuwa na kawaida ya kuwaleta walezi wapya wasimame mlangoni waone kazi inavyofanywa.

Miaka kumi na mmoja ya sifa za namna hiyo humlewesha mtu. Bi Taratibu hakuwa mbaya, tusimwonee, lakini alikuwa amefika mahali pa kuamini kwamba mtoto asiyetulia mikononi mwake ana kasoro aliyotoka nayo kwao.

Aliyemtoa jasho alikuwa Kipara, mtoto wa miaka minne aliyepewa jina hilo na wenzake kwa sababu mama yake alimnyoa kila Jumapili mpaka kichwa kikang'aa. Alipoanza kituo alikuwa na vituko vya umri wake: kurusha viatu, kujibwaga sakafuni, kugoma kunawa. Baada ya miezi miwili akaanza kung'ata. Na hakung'ata alipogombezwa. Aling'ata alipobembelezwa. Mlezi msaidizi akimwambia, "Njoo, baba, unywe maziwa," Kipara alijikunja chini ya meza, na aliyemfuata huko shauri yake.

Halafu zikaonekana alama. Msaidizi alikuwa akimbadilisha shati lililolowa, akasita, akamwita mkubwa wake aje aone. Kwenye mkono wa kushoto wa Kipara palikuwa na madoa manne yaliyopangana, na la tano peke yake upande wa pili.

"Vidole vya mtu mzima," alisema Bi Taratibu, na damu ikamchemka. Ilimchemka kweli, maana watoto aliwapenda.

Siku ileile alimwita mama yake Kipara, mwanamke mwembamba aliyefanya kazi ya kupokea simu kwenye kampuni ya mizigo, akaja mbio na kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni.

"Nyumbani nani anamshika?"

"Mimi na baba yake tu."

"Umeona anavyofanya akisikia mtu anasema 'baba'?"

Mama akakiri kwamba hata yeye, akimwita "njoo, baba," siku hizi mtoto anamrukia kwa meno, na kwamba alidhani ni utundu tu utapita. "Lakini, Mwalimu, baba yake yule hata..."

Bi Taratibu alimwekea mkono begani asimalize. "Mama, wengi huanza na 'lakini'."

Jioni hiyo yule mama alifunga nguo za mtoto kwenye mfuko wa shule, akaenda kukaa kwa dada yake. Mumewe alimkuta mlangoni, akauliza kuna nini, na hakujibiwa. Hiyo ilikuwa siku tisa zilizopita. Sasa ilikuwa Ijumaa, na juu ya meza ya mkuu palikuwa na barua ya kwenda ustawi wa jamii, ikiomba mtoto asirudishwe kwa baba yake mpaka uchunguzi ukamilike. Bi Taratibu ndiye aliyeiandika. Ilibaki sahihi yake, ambayo angeitia saa nne mbele ya wazazi wote wawili.

Baba mtu alifika saa mbili. Bi Taratibu alimkuta ukumbini amekaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamekaribia kidevu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kitu cha kwanza ambacho Bi Taratibu alikitazama kilikuwa mikono yake: mipana, imejaa vidoa vya cheche za moto. Akasema moyoni, ushahidi huo hapo.

"Samahani, Mwalimu," alisema yule mtu akiinuka. "Naweza kumwona fundi mdogo hata kwa mbali?"

"Fundi mdogo ndiye nani?"

"Mwanangu. Ndivyo ninavyomwita. Na yeye ananiita Fundi, kasikia kwa wateja." Akajaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Nimejaribu kumfundisha aniite baba, wapi. Mama yake alimzoesha tangu mchanga, baba njoo, baba kula, baba lala. Basi mtoto anajua baba ni yeye. Ukimuuliza baba yuko wapi, anajigonga kifuani."

Bi Taratibu alimwambia asubiri saa nne kama alivyoandikiwa, akaenda zake. Lakini neno lile lilimfuata ukumbi mzima. Baba ni yeye. Alijiambia kwamba wanaume wa aina hiyo wana maneno matamu kuliko sukari, na kwamba amewaona wengi. Hata hivyo, alipofika kwenye mlango wa chumba cha kati, hakuingia. Kama mtoto anajua kwamba baba ni yeye mwenyewe, basi neno lile likitamkwa haogopi mtu anayekuja. Anaogopa kitakachompata.

Ndani watoto walikuwa kwenye mchezo wao wa shule. Kipara ndiye aliyekuwa mwalimu siku hiyo. Alikuwa amepiga magoti mbele ya dubu wa kitambaa, macho yake yamelingana na macho ya vifungo ya yule dubu. Amemshika mkono juu kidogo ya kiwiko. Sauti yake ilikuwa ya chini, nyororo, ya mtu mwenye subira.

"Tulia, baba," alimwambia dubu. "Mimi sijakasirika. Tulia, baba."

Na vidole vyake vilikuwa vimezama kwenye pamba mpaka vinatetemeka.

Binti mmoja waliyemwita Kidoti alikuwa amechutama pembeni kama mkaguzi. "Bado hujabana," alimsahihisha. "Mwalimu anabana mpaka unanyamaza."

Wenzake hawakushangaa wala hawakucheka. Mmoja aliitikia kwa kichwa, akaendelea kupanga vibao vyake.

Bi Taratibu alishika kizingiti. Alitaka kusema kwamba watoto wana uongo wao, na wanao kweli, lakini mkono wake wa kulia ulikwisha kumsaliti: alipoutazama, ulikuwa umekishika kile kizingiti kwa nguvu ambazo hakuziagiza. Akaikumbuka wiki ile ya mvua, watoto ishirini na sita wamefungiwa ndani, Kipara amemwaga ndoo ya rangi mara ya pili. Sauti yake siku ile ilikuwa laini kupita siku zote. Meno yake yalikuwa yameumana. Hasira aliyokuwa akiizuia kooni kwa miaka yote hiyo ilikuwa imepata njia nyingine ya kutokea, na alikuwa akisifiwa mchana kutwa. Wale wengine waliotulia, walitulia kwa sababu iliwauma. Kipara peke yake ndiye aliyekuwa akibisha.

Saa nne wakakutana. Mkuu wa kituo alikaa nyuma ya meza yake, baba upande wa dirisha, mama upande wa mlango, na katikati yao kiti kitupu ambacho hakuna aliyetaka kukikalia. Mama alimkwepa mumewe kwa macho. Baba hakumkwepa, alimwangalia tu, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Mwalimu hapa ana uzoefu mkubwa," alianza mkuu. "Tumsikilize, atie sahihi, kisha tuone utaratibu."

Barua ikasogezwa. Bi Taratibu aliichukua kalamu. Tusimpe ushujaa asiostahili: alifikiria kutia sahihi. Alifikiria mlango ule ambako walezi wapya husimama, akafikiria watakachosema wakisikia, akafikiria pia kwamba uchunguzi utachukua miezi, watoto husahau, na alama zilikwisha kufifia. Kisha akamwona yule mama akiivuta mikono yake mapajani, mbali na mikono ya mumewe, na akajua kwamba utengano huo ni kazi yake mwenyewe.

"Alama zile ni zangu," alisema.

Mkuu akatabasamu kwa kutoelewa. "Una maana gani, zako?"

"Vidole ni vyangu. Nimekuwa nikimbana mkono ninapomtuliza. Huku namwita baba. Ndiyo maana neno lenyewe linamtia kichaa."

Mkuu alikuwa mwepesi, lazima tumpe haki yake. Alikohoa, akaigeuza barua kifudifudi. "Mwalimu, tuseme ulimdhibiti kwa usalama wake. Alikuwa anataka kujiumiza, ukamshika. Hilo linaeleweka, lipo hata kwenye mwongozo wetu."

Kamba ya kumwokoa ilikuwa imetupwa, na Bi Taratibu aliiona vizuri kabisa. "Kumshika asiumie ni jambo moja," alisema, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile sauti yake ikapanda. "Mimi nilikuwa nimekasirika. Nilimbana aumie."

Mama yake Kipara alijifunika mdomo kwa kile kitambulisho chake. Baba aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Siku tisa," alisema hatimaye, bila ukali, na ni heri angekuwa mkali. "Siku tisa nimeiuliza mikono hii imefanya nini nisichokumbuka. Nilikaribia kukubali, Mwalimu. Nilikuja hapa nikubali, mradi nimwone."

Bi Taratibu alifungua kinywa kuomba msamaha, akaona ni neno dogo mno, akalisema hivyohivyo. Hakuna aliyelipokea.

"Naomba mtoto wangu," alisema fundi.

Msaidizi akamleta. Kipara aliingia, akawaona watu wazima wanne wenye nyuso nzito, akamwona na Fundi wake katikati yao, na vyote viwili vikamzidi. Akajibwaga sakafuni. Akapiga ukuta kwa visigino, akapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Msaidizi akainama kumnyanyua. Magoti ya Bi Taratibu nayo yalianza kukunjika yenyewe, kwa mazoea.

"Mwacheni kwanza," alisema baba.

Aliusukuma mguu wa meza mbali na kile kichwa kinachong'aa, akakivuta na kiti, kisha akaketi sakafuni hatua mbili kutoka kwa mtoto, mikono wazi juu ya magoti. "Niko hapa, fundi mdogo," alisema. "Sina haraka." Hakusema kingine. Mtoto alipiga kelele, na baba alikaa. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Mkuu alitazama saa, na mama alilia kimyakimya kando ya mlango. Bi Taratibu, aliyewafundisha wengine kazi hiyo miaka kumi na mmoja, alisimama akitazama kama mlezi mpya.

Kelele zikawa kilio, kilio kikawa kwikwi. Kipara alitambaa, akaweka paji la uso kwenye kiatu cha baba yake.

"Nikubebe?"

Kipara akaitikia kwa kichwa. Ndipo baba alipomgusa. Mama akaja akasimama karibu nao, akiwa hajui kama anaruhusiwa, na mumewe akamsogezea bega la pili.

Walitoka watatu kwa pamoja, na mlango ulikuwa mwembamba, kwa hiyo ilibidi wapite karibu kabisa na Bi Taratibu. Kipara alimwona kutoka juu ya bega la baba yake. Haraka sana akajifuta machozi kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto akauchomeka ndani ya koti la baba.

"Nimetulia, Mwalimu," alimwambia. "Mimi nimetulia."