Kimya cha Benchi la Nyuma

Asubuhi Vaileth alimwogesha mama yake, akampaka mafuta, akamfunga kitenge kipya, wakateremka kanisani Zombo kabla umande haujakauka. Siku hiyo mama huyo, Bi Debora, alikuwa arudishwe Mezani pa Bwana. Zamani alikuwa mganga. Vibuyu vyake vya dawa alivichoma mwenyewe mbele ya kanisa, watu wakapiga vigelegele, kisha wakamweka benchi la nyuma wamtazame kwanza. Wamemtazama mpaka kichwa kimekuwa cheupe. Siku hizi anaumwa moyo, na hofu yake ni moja: afe akiwa bado ametengwa, azikwe bila sala.

"Tunyamaze," akasema Mchungaji Elikana. "Kila mtu ajichunguze."

Waliponyamaza, hirizi zikaanza kusema.

Zilisema kwa sauti za wenyewe, kutoka makwapani na viunoni. Ya Cleopa, mzee wa kanisa, iliomba mgongo upone. Ya mwalimu wa kwaya iliomba mume, ikamtaja na jina, naye alikuwa ameketi palepale na mkewe. Chini ya kanzu ya Mchungaji sauti nzito ikasema, "Nisihamishwe Zombo." Hakuna aliyeshtuka. Watoto waligeuza shingo kufuata sauti, na Vaileth akageuka nao, maana siku zote alitamani kujua wenzake hufunga wapi. Yake, ya ubavuni, ilisema, "Degedege lisimrudie mwanangu." Alishangaa kidogo kusikia sauti yake ilivyo nyororo.

Benchi la nyuma tu ndilo lililokuwa kimya.

Bi Debora akasimama kwa taabu. "Mchungaji, nikaguliwe. Mimi sina kitu."

Cleopa akakohoa kuifunika sauti ya hirizi yake. "Kaa, mama. Anayeweza kuzinyamazisha za kwake ndiye mwenye kali kuliko zote."

"Hapo umenena, mzee!" wakaitikia watu. Nyani haoni kundule, na siku ile nyani walijaa kanisa zima.

Vaileth alijua mama yake hana. Mwili ule aliusugua kwa mkono wake mwenyewe asubuhi ile. Akafungua kinywa aseme, hirizi ikapaza sauti kumzidi, akaibana kwa kiwiko na kufunga kinywa.

Basi ikaamuliwa Bi Debora aendelee kutazamwa, na kwaya iwe inaimba wakati wa kimya, Jumapili zote. Ikaanza hapohapo, na spika zikaongezwa sauti.

Watu wakapanga mstari. Vaileth akapiga magoti, Mchungaji akainama kumpa mkate, na kwa ukaribu ule kwaya haikusaidia kitu.

"Nisihamishwe," kikasema kifua cha Mchungaji.

"Lisimrudie," ukasema ubavu wa Vaileth.

"Amina," wakasema wote wawili.

Alipopita nyuma, mkate bado mdomoni, mama yake akamsogezea nafasi akae. Vaileth akaenda kukaa na wenzake.