Lori la Pua la Mama Matofali

Siku ile nilichoka kabla sijaamka. Goti la kulia lilikuwa linauma, studio ilikuwa na foleni ya watu wa picha za pasipoti, wote wakitaka kutoka wazuri kuliko walivyo, na mke wangu alikuwa ameniuliza asubuhi, kwa ile sauti ya upole ninayoiogopa, kama sioni kwamba magari yangu yananizeesha.

"Wenzako wanapiga picha maharusi," alisema. "Wewe unapiga picha kutu."

Ni kweli. Kwa miaka ishirini na moja nimekuwa nikipiga picha magari ya zamani. Si yale yanayofunikwa turubai wiki nzima na kutolewa Jumapili kung'arishwa, hayo yamestaafu. Mimi nayataka yale ambayo bado yanaamka na kwenda kazini: teksi yenye umri wa bibi, pikapu ya maziwa iliyofungwa mlango kwa waya, basi la shule ambalo breki zake ni dua. Mchezo huu umenilia Jumamosi nyingi na goti moja, na sijui kuuacha.

Nina desturi yangu. Naanza na dereva. Namsalimia, namweleza kwamba mimi ni mwendawazimu asiye na madhara, naomba ruhusa, ndipo natoa kamera. Siku ile sikufanya hivyo.

Lori lenyewe nilikuwa nimeliwinda miezi miwili. Lilikuwa lori la pua, la enzi zile injini ikikaa mbele ya dereva, kioo cha mbele vipande viwili, taa zimetoka kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Lilibeba matofali kutoka tanuri la mwanamke waliyemwita Mama Matofali, na dereva wake, Polepole, aliliendesha kwa mwendo uliompa jina. Nilipolikuta uani limeshapakiwa, yeye alikuwa ng'ambo ya uwanja, kibandani, anakunywa chai. Hatua kama mia hivi. Nikazitazama zile hatua, nikalitazama goti, nikasema nitamsalimia nikimaliza.

Nikapiga mbele, nyuma, ubavu huu na ubavu ule. Nikachuchumaa nikapiga na namba ya chesisi, maana wapenzi wenzangu hawakubali mwaka wa gari bila kuiona namba. Niliponyanyuka nikamwona Polepole amesimama mlangoni mwa kibanda, kikombe mkononi, ananitazama. Nikampungia mkono. Hakunipungia. Simu ikaita, mtu wa pasipoti amekasirika huko studio. Nikaondoka.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatano nikarudi na picha moja kubwa niliyomsafishia dereva, kama ninavyowapa wote. Nikalikuta lori limekaa juu ya mawe. Halina usukani, halina kiti, na pale ilipokuwa rejeta palibaki tundu, injini inachungulia nje.

"Wewe ndiye uliyepiga picha Ijumaa?" Mama Matofali aliniuliza. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

"Ni mimi, mama."

"Umetumwa na nani?"

"Na shetani wangu tu."

Hakucheka. Akanieleza kwamba Jumamosi alfajiri Polepole alikuja na spana zake akafungua kila kitu alichowahi kununua mwenyewe, miaka yote lori lilipoharibika naye hakutaka kazi isimame: rejeta, dainamo, kabureta, usukani, kiti, betri, tairi nne kati ya sita. "Vyote ni vyake, siwezi kumwita mwizi," alisema. "Kumbe mimi nilikuwa na bodi na jina kwenye kadi. Ati nimeliuza lori kimya kimya. Nimuuzie nani, baba? Nani atalitaka hili?"

Hapo nikaelewa, nikauliza Polepole anakaa wapi.

Polepole alikaa vyumba viwili nyuma ya soko. Nikapiga hodi. "Karibu, shemeji," mkewe akaniitikia, "ila usijikwae kwenye rejeta." Vipuri vilikuwa vimepangwa sebuleni, vimefungwa kwa mashuka ya zamani, na mwenyewe amekaa katikati yake kama mtu aliyefiwa.

"Kaka, sikutumwa na mnunuzi," nikamwambia. "Napenda tu magari ya zamani yanayofanya kazi."

"Miaka thelathini na minne naendesha," akasema. "Malori matatu yameuzwa mikononi mwangu. Mambo ni yale yale. Anakuja mtu na kamera, anapiga pande nne, anapiga namba ya chesisi, halafu anaondoka bila kumsalimia dereva. Mnunuzi hamsalimii dereva. Ataanzaje? Lori la mwisho walilichukua na kiti changu na betri yangu. Nikaenda kuviomba, nikaambiwa limeuzwa lilivyo. Safari hii nikasema nitawahi."

"Nilikuwa nimechoka, kaka. Nilikuona mbali."

"Hatua mia."

"Hatua mia," nikakubali. Nimewahi kupoteza picha zote za harusi ya mtu, lakini sikuona aibu kama ile.

Nikamwambia mama hakuwa na nia ya kuuza, nilimsikia kwa masikio yangu. Akamtazama mkewe. "Kwa umri huu nani atanipa lori jingine?" akasema. "Hilo likikohoa najua linataka nini. Twende tukalirudishie vitu vyake kabla hajaweka mtu."

Alhamisi tukakodi mkokoteni. Nilibeba rejeta mimi, goti na yote, nikiona ni haki yangu. Tulifunga tangu asubuhi, mimi nikishika ninapoambiwa nishike na kukosea ninapojaribu kusaidia. Alasiri injini ikakohoa mara tatu, ikashika. Polepole akapangusa mikono, akatabasamu kidogo, nami nikajiona nimesamehewa.

Mama Matofali akaja akasimama karibu na tairi.

"Limewaka," akasema.

"Limewaka, mama," Polepole akajibu, akazima, akarudi chini ya boneti kukaza mpira wa maji.

Mama akafuta vumbi kwenye nyusi. "Lori lilipokuwa juu ya mawe ilibidi nikodi tipa," akasema. "Miaka yote sijawahi. Limehamisha kwa siku mbili matofali ya wiki mbili. Dereva anabonyeza kitu tu, yanashuka yenyewe." Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka kama sisi. Kisha akanigeukia. "Baba, zile picha za Ijumaa bado unazo? Pande zote nne, na ile namba? Wewe si unawajua wenye wazimu kama wako. Huenda mmoja akalitaka."

Nikamtazama Polepole. Hakuinua kichwa.

"Mpe," akasema. "Ukimnyima ataita mwingine." Akaacha kukaza, akaigeuza spana upande wa pili, akaanza kulegeza. "Ila njoo ushike hapa kwanza. Tuanze na rejeta."