Mashine Iliyoachana na Mwenzake

Jenereta mbili zikibeba mzigo mmoja, jamani, hazina tofauti na wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Wakipishana sawa, unga unapatikana. Mmoja akipoteza mdundo, michi inagongana na watu wanaumia.

Shamimu, injinia wa umeme wa kiwanda cha korosho pale Mtama, alilijua hilo na likamnyima usingizi. Alikuwa amefunga kifaa cha kuitenga na kuizima mashine ikishapoteza mdundo na kuachana na mwenzake. Wiki iliyopita kikamwaibisha. Iliwashwa mota kubwa, jenereta zikayumba kidogo tu, nacho kikakurupuka kikakata. Korosho zote tanurini zikaharibika, na meneja Boniface alifoka mpaka mate yakamruka.

"Kikikata ovyo tena naking'oa, nawe utafute pengine pa kufanya kazi!"

Basi Shamimu akakirekebisha kisishtukie kila mtikisiko, kisubiri kijiridhishe. Hapo akajiongezea hofu. Je, kikisubiri mno? Mashine iliyoachana na mwenzake inaweza kukata shafti, ule mhimili wa chuma unaoizungusha, na ubavuni mwa jenereta kongwe alishinda Mzee Rehani, mjomba wake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mzee huyo aliendesha mashine kwa sikio na kiganja. Ikilegea, anaisogelea, anaipapasa, anaiongezea mafuta.

"Shikamoo mjomba. Leo kaa mbali nayo kidogo."

"Marahaba. Nikae mbali, nani atailisha? Acha utani wako, mama."

Ubishi wa wazee wetu, loh!

Asubuhi mota kubwa ikawashwa. Taa zikafifia, zikayumba, kisha zikatulia. Kifaa kikanyamaza kimya. Shamimu akashusha pumzi, na hata Boniface, aliyekuwa amesimama nyuma yake chumba cha swichi, akatabasamu kwa shida.

Adhuhuri ilipokaribia, taa zikaanza tena. Zikafifia, zikawaka kwa nguvu, zikafifia, na safari hii hazikutulia. Jenereta kongwe ikanguruma na kutetemesha sakafu. Kupitia kioo Shamimu akamwona mjomba akiiendea, mkono ukielekea kwenye mpini wa kuongezea mafuta. Lahaula! Waya unaoipa mashine sumaku ulikuwa umechomoka, ikawa haimshiki tena mwenzake, inakimbia kivyake, na kila tone la mafuta lilizidi kuikimbiza.

"Mjomba, toka hapo!"

Nani asikie kwenye kelele ile? Akaurukia mkono wa swichi. Boniface, aliyekuwa bado nyuma yake, akamdaka.

"Subiri! Tanuri limejaa! Si ulisema kifaa kinajua chenyewe?"

"Niache, mjomba wangu yuko pale!"

Akajivuta, na kabla hajaifikia swichi, kifaa kikaamua. Ta! Swichi ikaruka, mafuta yakafungwa, jenereta kongwe ikashuka ikikoroma hadi ikanyamaza. Ile nyingine ikalemewa, ikajikaza, ikabeba. Tanuri halikuzimika.

Shamimu alitoka mbio, akamkuta mjomba amenuna.

"Umenizimia mashine yangu."

Mashine ilipokwisha kusimama kabisa, Shamimu alifungua kifuniko cha shafti, akamulika tochi ya simu. Ufa ulikuwa umeizunguka karibu yote, umebakiza kipande chembamba kama ukucha. Mzee Rehani akainama, akatazama. Kisha akageuka kutazama pale aliposimama muda ule, hatua moja tu kutoka kwenye ule ufa.

Boniface akafika akihema. Akauona ufa, akavua kofia.

"Dada, nisamehe. Kifaa chako kiache hapo hapo. Mimi mkono wangu ndio uliotaka kumuua mzee."

Shamimu alitaka kumfokea, lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni kicheko na machozi kwa pamoja.

"Alhamdulillahi," akasema mjomba, akakaa sakafuni kwenye mafuta na vumbi na kanzu yake ya Ijumaa. "Niinue, mama. Miguu imenikataa."

Akamwinua, akamkongoja mpaka nje kwenye jua, na mzee alipotaka kuuchomoa mkono wake, Shamimu hakumwachia.