Ukuta wa Roma

Kweli tupu hii, chumvi sijatia hata punje: jeki ilikuwa imeshaugusa ukuta pale Zulekha alipouliza, "Mzee Kiarie, huu ni ukuta gani?"

"Si ulisema Roma, injinia?" Kiarie akapangusa mwiko kwenye suruali. "Nimewajengea Roma kigango, kanisa lao dogo, huko nje ya Saboti. Huu ni pacha yake."

Zulekha akacheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa ameagiza ukuta mdogo kama wa Warumi wa kale, apime unabeba uzito gani kabla ya kuvunjika. Kiarie alijua Roma moja tu, ile ya padri na rozari.

"Basi tuupime huo huo wa padri."

"Pima. Jeki yako ndiyo itavunjika, bana. Ule wa kigango ulipigwa na radi, radi ikarudi juu ikichechemea. Juzi wameuwekea hata roshani ya mbao ya kwaya."

Zulekha akasukuma mpini. Mshale wa geji ya uzito ukajivuta kidogo tu. Mawe ya nje, aliyoyachonga Kiarie kwa subira, hayakupasuka. Yalifunguka, kama koti lililokatika vifungo, na tumboni ukamwagika udongo mkavu. Kisha ukuta wote ukakaa chini.

"Warumi pia walijaza katikati," Zulekha akasema polepole. "Lakini kwa chokaa. Wewe uliweka nini?"

"Matope na kokoto. Si ndani haionekani?"

"Na kule kigangoni?"

Kiarie akaokota bonge la udongo, hadithi zake akaziacha.

"Nilikwambia ni pacha."

"Leo kuna mtu huko?"

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mazoezi ya kwaya. Mkewe Waithera huimba sauti ya pili. Kiarie akampigia.

"Mama Kinyua, shukeni hapo juu. Wote. Ukuta utaanguka."

"Ati umeusikia ukikohoa?"

"Sio mchezo. Ndani nilitia matope."

"Ngoja, na wengine wasikie." Akaweka spika. "Haya, Baba Kinyua, rudia."

Akarudia. Akawaambia udongo ulivyomwagika, akawaambia hata ile radi haikuwahi kupiga. Zulekha alikuwa ameshawasha gari, anamwita kwa mkono.

Kicheko cha watu wengi kikamjaa sikioni.

"Leo hadithi ya mzee imeweza," akasema mwanamume mmoja huko juu.

Kisha mpiga ngoma akaanza, taratibu, na miguu ikamfuata kwenye mbao.